Desibeli Haiulizi Unamwomba Nani

Mwishoni mwa Februari 2018 maofisa walianza kupita katika makanisa ya Kigali wakiwa na orodha ya kukagua. Jengo ni imara? Vyoo vipo? Magari yanaegeshwa wapi? Kuna kinga-radi? Sauti inatoka nje kiasi gani? Siku chache baadaye makanisa zaidi ya 700 yalikuwa yamefungwa, na msikiti mmoja pia. Rais Paul Kagame alipozungumza na viongozi wa nchi mwanzoni mwa Machi aliushangaa wingi huo, akauliza kama hayo yalikuwa visima vya kuwapa watu maji, maana hata visima au viwanda hakudhani nchi inavyo vingi kiasi hicho. Wachungaji sita wakakamatwa, wakidaiwa kupanga kuipinga amri. Mwezi huohuo misikiti ya wilaya ya Nyarugenge, ambamo umo mtaa wa Nyamirambo, ikatakiwa iache kuadhini kwa vipaza sauti.

Yameandikwa mengi juu ya mkasa huo, kwa upande wa uhuru wa kuabudu na kwa upande wa usafi wa jiji. Orodha yenyewe haikusomwa sana. Ukiitazama vizuri utaona kuwa sehemu yake kubwa ni fizikia: sauti, kuta, hewa, umeme. Dola ilikuwa na shaka na wahubiri, ikaenda kuwakagua kwa maswali ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyajibu akiwa na kalamu na karatasi. Basi tuyajibu, moja baada ya jingine, tuone fizikia inatufikisha wapi na inatuachia wapi.

Sauti ni hewa inayosukumana. Ngozi ya ngoma ikipigwa huenda mbele na kuibana hewa iliyo jirani yake. Ikirudi nyuma huiachia nafasi. Hewa iliyobanwa haitulii, huisukuma ya mbele yake, na hiyo huisukuma inayofuata. Simama kwenye foleni ya basi pale Nyabugogo jioni ya Ijumaa: mtu wa nyuma akisukuma, msukumo utafika mlangoni mwa basi ingawa yeye mwenyewe bado yuko nyuma. Kinachosafiri ni msukumo. Vivyo hivyo, hewa iliyo kinywani mwa mwanakwaya wa Gikondo haifiki sikioni mwa jirani yake. Kila chembe hucheza papo hapo na kurudi mahali pake. Ikicheza mara 60 kwa sekunde tunasikia besi nzito ya gitaa. Ikicheza mara 3,000 tunasikia sauti kali.

Kwamba sauti inahitaji hewa ni jambo lililothibitishwa vizuri Uingereza, tena katika miaka ya ajabu kidogo. Waingereza walimkata kichwa mfalme wao, Charles wa Kwanza, tarehe 30 Januari 1649, wakajitangazia jamhuri. Jeshi lililoshinda vita ndilo lililoshika hatamu, na mwisho wa 1653 jemadari wake, Oliver Cromwell, akawa Mlinzi wa Taifa. Katika mji wa Oxford, chuo cha Wadham kilikuwa chini ya John Wilkins, kasisi aliyependa mashine, ambaye mwaka 1656 alimwoa Robina, dada yake Cromwell. Chumbani kwa Wilkins walikusanyika watu waliochoka kubishana maandiko na kupendelea kubishana juu ya vitu vinavyopimika. Mmoja wao alikuwa Robert Boyle. Msaidizi wake, kijana Robert Hooke, alimtengenezea pampu ya kunyonya hewa kutoka kwenye chupa kubwa ya kioo. Boyle akaining'iniza saa ndani ya chupa hiyo kwa uzi, ili mlio wake usipite kwenye kitu kigumu, kisha hewa ikaanza kunyonywa. Mlio ukafifia mpaka usisikike tena. Hewa iliporudishwa, nao ukarudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1660, katika kitabu chenye habari za mnepo wa hewa.

Nimeutaja mnepo kwa sababu unajibu swali ambalo wageni wa Kigali huuliza. Jiji liko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu: shinikizo lake ni kama asilimia 84 tu ya lile la Dar es Salaam. Je, sauti huenda polepole zaidi huku? La. Mwendo wa sauti hutegemea mambo mawili yanayovutana. La kwanza ni mnepo, yaani ukali wa hewa kurudi ikibanwa; la pili ni uzito wake. Hewa pungufu ina mnepo mdogo, na uzito wake pia ni mdogo kwa kiwango kilekile, hivyo upungufu mmoja unafuta mwingine. Kinachobaki ni joto. Katika nyuzi 20 sauti huenda mita 343 kwa sekunde, na kila nyuzi moja ikiongezeka mwendo huongezeka kama mita 0.6. Usiku wa Kigali wenye nyuzi 16 sauti huenda mita 341 hivi; mchana wa Dar wenye nyuzi 30 huenda 349. Tofauti ni ndogo, lakini iweke akilini, kwa sababu itatusaidia kuuelewa usiku.

Sasa twende kwenye kipimo. Sikio la binadamu lina uwezo mpana mno. Sauti kubwa tunayoweza kuivumilia ina nguvu mara trilioni moja kuliko ile ndogo kabisa tunayoweza kuisikia. Hakuna rula inayofaa kwa umbali kama huo, kwa hiyo wanafizikia huhesabu mara za kumi. Sauti ikiongezeka nguvu mara kumi, tunasema imepanda desibeli 10. Ikiongezeka mara mia, imepanda 20. Mara elfu, 30. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili yapo karibu na desibeli 60. Hapa wengi hukosea: spika mbili zinazolia sawasawa, kila moja desibeli 90, hazifikishi 180. Nguvu imeongezeka mara mbili tu, na mara mbili ni nyongeza ya desibeli 3. Jumla ni 93. Mchungaji anayenunua spika ya pili akidhani atasikika maradufu amepoteza fedha zake. Ili sikio lihisi kuwa sauti imekuwa maradufu, nguvu inahitaji kupanda kama mara kumi.

Umbali nao una kanuni yake. Spika iliyo uwanjani humwaga nguvu ileile juu ya eneo linalozidi kupanuka. Ukienda mbali mara mbili, eneo linakuwa mara nne, kwa hiyo kila sikio linapata robo, yaani pungufu ya desibeli 6. Ukienda mbali mara kumi, unapoteza 20. Spika inayotoa desibeli 100 ukiwa mita moja mbele yake itakuwa 80 ukiwa mita kumi, na 60 ukiwa mita mia. Sasa shuka hadi kilomita moja: 40. Nalo Shirika la Afya Duniani, kwa upande wa Ulaya, liliweka mwaka 2009 desibeli 40 kuwa kikomo cha wastani wa usiku nje ya nyumba, ili usingizi usiathirike. Mahubiri ya mkesha yaliyo mbali nawe kilomita nzima bado yanagusa mpaka huo.

Hesabu hiyo ni ya uwanda ulio tambarare, tena ni ya hewa tulivu. Kigali ni mji wa vilima. Mtu wa Rebero na mtu wa Gikondo wanatazamana juu ya bonde, hakuna nyumba wala miti ya kuikata sauti njiani. Tena usiku hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kujikusanya bondeni, na yenye joto hubaki juu. Kumbuka kuwa sauti huenda haraka zaidi kwenye joto. Upande wa juu wa wimbi hutangulia, wa chini huchelewa, na wimbi zima hupinda kuelekea chini. Mchana jua linapoichoma ardhi hali hugeuka: joto liko chini, mawimbi hupinda juu na kupotelea angani. Ndiyo maana kwaya ambayo mchana haisikiki mtaa wa pili, saa nane usiku inasikika maneno na vibwagizo. Jirani anayelalamika hazushi, na mchungaji anayeapa kuwa hajaongeza sauti huenda anasema kweli.

Tuingie ndani ya kanisa. Makanisa mengi yaliyofungwa yalikuwa majengo ya gharama nafuu: nguzo, mabati, pengine turubai. Ukuta huzuia sauti kwa uzito wake. Wimbi linapoupiga, linajaribu kuutikisa. Ukuta mwepesi unatikisika na kuisukuma hewa ya upande wa pili, ukuta mzito unagoma. Uzito ukiongezeka mara mbili, ukuta unazuia desibeli 6 zaidi. Sauti ikizidi kuwa nzito, yaani mitikisiko kwa sekunde ikipungua nusu, ukuta uleule unapoteza desibeli 6. Bati lenye unene wa milimita 0.4 lina kama kilo 3 kwa kila mita ya mraba. Kwa sauti ya wastani, ya mitikisiko 500 kwa sekunde, litapunguza desibeli 17 hivi. Kwa besi ya mitikisiko 60 halipunguzi kitu cha maana. Ukuta wa tofali wa sentimita 20 una zaidi ya kilo 300 kwa mita hiyohiyo, na unaweza kupunguza desibeli 50 za sauti ya wastani. Kwa hiyo aliyejenga kwa mabati amejenga paa la mvua. Kwa upande wa sauti, besi yake iko nje kama vile ukuta haupo.

Na hapa nina ugomvi mdogo na mafundi. Niliingia ukumbi mmoja uliobandikwa trei za mayai ukutani kuanzia chini hadi darini, na mwenye ukumbi akanihakikishia kuwa sasa sauti haitoki. Trei za mayai hupunguza mwangwi kidogo, basi. Kunyonya mwangwi ndani ya chumba na kuizuia sauti isitoke ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza inataka kitu chepesi chenye vitundu. Ya pili inataka uzito, na inataka kusiwe na upenyo. Upenyo ndio adui mkubwa. Chukua ukuta wa tofali usiopitisha chochote, kisha uache asilimia moja tu ya eneo lake ikiwa wazi, tuseme nafasi iliyo juu ya mlango na vitundu vya hewa. Asilimia moja ya nguvu ya sauti itapita hapo, na asilimia moja ni moja ya mia, yaani desibeli 20. Ukuta wako wa desibeli 50 umegeuka kuwa wa 20, karibu sawa na bati. Fedha zote za matofali zimetokea juu ya mlango.

Fundi mwerevu atasema tuzibe kila mahali. Tuzibe, kisha tuhesabu pumzi. Mtu mzima aliyekaa hutoa kama lita 18 za hewa ya ukaa kwa saa. Akiimba na kucheza hutoa zaidi. Weka watu 300 katika ukumbi wa mita 20 kwa 10, wenye kimo cha mita 4. Ukumbi una mita 800 za ujazo, na watu hao watatoa zaidi ya mita 5 za hewa hiyo kila saa. Hewa ya nje ina chembe 400 na ushee za hewa ya ukaa katika kila chembe milioni. Baada ya saa moja ya ibada katika ukumbi uliozibwa, zitakuwa zimeongezeka kama 6,700. Vichwa vitauma, macho yatalegea, na mhubiri atadhani waumini hawana imani. Zaidi ya hayo kila mwili hutoa joto la kama wati 100, kwa hiyo watu 300 ni sawa na kuwasha pasi 30 za wati elfu moja. Na janga la Korona lilitufundisha kuwa pumzi hiyo hubeba na mengine. Rwanda ilifunga nyumba zote za ibada katikati ya Machi 2020, ikiwemo ile iliyokuwa imezibwa vizuri kuliko zote.

Kuzuia sauti na kupitisha hewa, kwa hiyo, ni matakwa yanayogombana, na mkaguzi anayeandika moja bila kuandika jingine amemwachia mwenye kanisa fumbo. Fumbo lina jibu: hewa huingizwa kwa feni kupitia mfereji mrefu wenye kona, uliotandikwa ndani kwa sufu au pamba ya mawe. Hewa hukata kona bila taabu. Sauti hugonga, hunyonywa, hugonga tena. Studio za redio hutumia mbinu hiyo. Bei yake inawezekana kwa kanisa kubwa la Remera lenye waumini wenye mishahara; kwa kanisa la watu arobaini huko Gatsata ni ndoto. Lakini kanisa la watu arobaini lina njia isiyogharimu chochote. Watu arobaini hawahitaji spika. Liizime.

Radi ilikuja kujihubiria yenyewe. Jumamosi tarehe 10 Machi 2018, wiki moja na nusu baada ya ukaguzi kuanza, radi ilipiga kanisa la Waadventista Wasabato wilayani Nyaruguru, kusini mwa nchi, wakati wa ibada. Watu 16 walikufa na wengine wengi, zaidi ya mia, walijeruhiwa. Nchi hii iko ukingoni mwa eneo lenye radi nyingi kuliko karibu mahali popote duniani: ng'ambo ya Ziwa Kivu, karibu na Kabare, setilaiti zimehesabu miale zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Hewa yenye unyevunyevu hupanda kwenye miteremko ya milima, chembe za barafu hugongana ndani ya wingu, chaji hasi hujikusanya chini ya wingu na chaji chanya juu yake. Ardhi iliyo chini hujibu kwa kuvuta chaji chanya kileleni, juu ya miti, juu ya paa. Hewa inaposhindwa kuzizuia, mkondo wa ampea elfu thelathini hivi hupita kwa muda mfupi kuliko kope kupepesa.

Kinga-radi haizuii mwale. Inaupa njia: fimbo juu ya paa, waya mnene wa shaba, na bamba au vijiti ndani ya udongo wenye unyevu. Sehemu inayosahauliwa ni hiyo ya udongo. Ukinzani wa ardhi ukiwa omu 10, na ampea 30,000 zikipita, msingi wa waya utapanda kwa muda hadi volti 300,000. Volti hizo hupungua kadiri unavyosogea mbali, na mtu aliyetanua miguu karibu na hapo ana mguu mmoja kwenye volti nyingi na mwingine kwenye chache. Umeme hupanda mguu huu na kushuka ule. Kwa njia hiyo mwale mmoja unaweza kuwaangusha mamia, ingawa haukumgusa yeyote kati yao kichwani. Kuhusu kipengele hiki cha orodha sina ubishi wowote. Kanisa, shule au soko lililo kileleni bila waya wa kushuka chini ni hatari, hata awe nani aliyemo.

Turudi kwenye sauti, maana huko ndiko ubishi uliko. Mtu anaweza kusema: basi tuweke kipimo dirishani kwa jirani, namba iamue. Namba gani? Tuchukue adhana. Ina dakika tatu hivi, mara tano kwa siku, jumla robo saa. Kwaya ya Jumapili inaweza kwenda saa nne. Kama zote mbili zinafika dirishani kwa desibeli 70, kipimo cha kilele kitasema ziko sawa. Ukipima jumla ya nguvu ya siku nzima, kwaya imetoa mara 16 zaidi, tofauti ya desibeli 12, na muadhini ameshinda kesi. Subiri kidogo. Kanuni za Ulaya huongeza desibeli 10 kwa sauti yoyote ya usiku kabla ya kukokotoa wastani, kwa sababu usingizi una thamani. Na adhana ya alfajiri hutolewa kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo itahesabiwa kama mara kumi. Sasa mizani inaanza kurudi. Bado kuna besi. Vipimo vingi vya mkononi vimewekwa vifuate sikio, ambalo halisikii vizuri sauti nzito, kwa hiyo huipunguza besi ya mitikisiko 63 kwa desibeli 26 kabla ya kuonyesha namba. Gitaa la besi linalotikisa glasi za jirani linaweza kupita mbele ya kipimo hicho kwa heshima zote. Kabla ya namba kutoka, mtu ameshaamua kilele au wastani, usiku uhesabiweje, besi ihesabiwe au isihesabiwe. Fizikia inafanya kazi baada ya uamuzi huo.

Hapo ndipo Cromwell anarudi. Machi 1655 wafuasi wa ufalme waliasi, wakazimwa upesi. Yeye akaigawa Uingereza na Wales katika mikoa, kila mmoja akaukabidhi kwa meja jenerali mwenye askari wa farasi, na gharama wakabebeshwa wafuasi wa zamani wa mfalme: sehemu ya kumi ya mapato yao. Maofisa hao walitumwa kulinda usalama, na pia kutengeneza tabia. Walifunga vilabu vya pombe, walipiga marufuku mbio za farasi na mapigano ya majogoo. Februari 1656 kule Southwark, Kanali Thomas Pride aliwaua dubu waliokuwa wakipiganishwa na mbwa. Charles Worsley, kaskazini-magharibi, alifunga vilabu kwa bidii isiyolala. Baadhi ya wenzake walikuwa wapole zaidi. Hapakuwa na kipimo cha klabu mbaya. Klabu mbaya ilikuwa ile ambayo meja jenerali wa mkoa huo aliiona mbaya, na mwenye klabu hakuwa na namba ya kuipinga. Januari 1657 Bunge likaikataa kodi iliyolipia mpango mzima, kwa kura 124 dhidi ya 88, na mikoa hiyo ikafa.

Rwanda ya leo si Uingereza ile, na katiba yake ni ya kiraia. Hata hivyo chama kinachoitawala kilizaliwa kikiwa na jeshi, kiongozi wake alikuwa na cheo hichohicho cha meja jenerali mwaka 1994, na kiliiteka Kigali tarehe 4 Julai mwaka huo na kuyakomesha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, baada ya kukuta makanisa kama ya Ntarama na Nyamata yamejaa maiti za waliokimbilia humo. Padre Athanase Seromba, ambaye kanisa lake la Nyange liliangushwa kwa tingatinga juu ya waliojificha ndani, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa mwaka 2008. Machi 2017 Papa Francis aliomba msamaha. Dola yenye kumbukumbu kama hiyo haiwezi kuitazama mimbari kwa macho makavu, wala sidhani inapaswa. Na dola iliyotangulia ilikwenda mbali zaidi bila kipimo chochote: chini ya Juvénal Habyarimana, naye mwanajeshi aliyetwaa madaraka tarehe 5 Julai 1973, mamia ya waumini wa vikundi vidogo, wakiwemo Mashahidi wa Yehova, walifungwa mwaka 1986 kwa mambo kama kukataa kuisalimu bendera na kukataa kulipa ada za chama tawala cha wakati huo. Chini ya utawala huohuo Askofu Mkuu wa Kigali alikaa kwa miaka katika kamati kuu ya chama hicho. Ukilinganisha na hayo, mkaguzi mwenye mita ya sauti ni hatua mbele.

Ningefurahi kama mita hiyohiyo ingepelekwa kila mahali. Agosti 2023 serikali ilitangaza kuwa baa na kumbi za starehe zifungwe saa saba usiku siku za kazi na saa nane usiku mwishoni mwa wiki. Baa imewekewa saa, kanisa limewekewa ukuta. Wimbi la hewa linalopita dirishani halina kumbukumbu ya mlango lilikotokea, na kama sababu ni usingizi wa jirani, kipimo cha dirishani kingetosha kwa wote wawili.

Orodha ya 2018 haikuishia kwenye fizikia, na hapo fizikia inashuka njiani. Sheria namba 72 ya mwaka huo, ya tarehe 31 Agosti, iliwataka viongozi wa nyumba za ibada wawe na shahada ya elimu ya dini kutoka chuo kinachotambuliwa, au shahada nyingine pamoja na cheti cha elimu ya dini, ikawapa miaka mitano kujipanga. Cromwell naye alikuwa na chombo chake cha namna hiyo. Mwaka 1654 aliteua kamati ya kuwachunguza wahubiri kabla hawajapewa parokia na posho, na wachunguzi walitafuta, pamoja na elimu, dalili za neema moyoni mwa mtu. Shahada ni ya wazi kuliko dalili za neema, hilo halina shaka. Miaka mitano ilipokwisha, ukaguzi ukarudi nchi nzima katikati ya 2024, na Bodi ya Utawala ya Rwanda ikafunga nyumba za ibada zaidi ya 5,000, sababu za majengo, kelele na shahada zikiwa zimechanganywa katika fomu moja. Mchungaji aliyefungiwa kwa desibeli anaweza kuleta kipimo cha pili Jumapili ijayo, akakiweka kando ya kile cha mkaguzi dirishani kwa jirani, wakasoma pamoja. Aliyefungiwa kwa kukosa shahada atatafuta ada, aombe nafasi chuoni, asome miaka mitatu au minne.